Bega Lenye Kiraka

Sifa zote ni za Mola aliyetupa miguu na akaitandikia ardhi ya kukanyaga. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na jamaa zake, na kila anayeufuata mwendo wao.

Ndugu zangu, leo naanza na kosa langu, kwa sababu nikiliacha mpaka mwisho mtakuwa mmeshavaa viatu.

Miaka kadhaa nyuma nilisimama hapahapa nikawafundisha nusu ya jambo. Niliwaambia kwamba mtu akitawadha vizuri nyumbani kwake, akatoka kwenda msikitini hana nia nyingine ila sala, basi kila hatua anayoipiga inamfutia kosa na kumpandisha daraja. Hilo ni kweli, tumelipokea kwa waliotutangulia, sikulitunga mimi. Lakini lina mwenzake. Tumefundishwa vilevile kwamba tukiiendea sala tuiendee kwa kutembea, tena kwa utulivu, tusiiendee mbio. Hilo la pili nilikuwa nalo kwenye karatasi yangu, nimeliandika kwa wino mwekundu. Nikaliruka. Niliona nyuso zimechangamka kwa lile la hatua, wengine wanaitazama miguu yao kama vile wamepewa siku hiyo, nikaona nikileta habari za utulivu nitawapoza. Mimi elimu yangu mnaijua. Ni darasa la saba na chuo cha Kurani, basi. Na mtu wa elimu ndogo akipata siku moja ya kusikilizwa, hataki kuiharibu.

Bi Sikudhani, anayefagia upande wa kina mama, alinisubiri mlangoni siku ile. Akaniambia, "Ustadhi, ile nusu nyingine umempelekea nani?" Nikacheka. Nikamwambia nitaisema Ijumaa ijayo. Ijumaa ilipofika nikasema mambo mengine kabisa.

Leo ndiyo naileta, na imechelewa. Naileta kwa mfano. Mfano huu ni wa kutunga, kwa hiyo msitoke hapa mkaanza kunyoosheana vidole, kwamba fundi ni fulani na mzee ni fulani. Wa kunyooshewa kidole ameshasimama mbele yenu.

Kulikuwa na fundi cherehani mmoja katika mji wa bara, mji wa vumbi kama huu wetu. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, ameiweka barazani, na kutwa nzima miguu yake ilikuwa ikipanda na kushuka. Jirani yake, ua kwa ua, alikuwa mzee mmoja kipofu. Macho yalimpotea ukubwani, ana wajukuu tayari. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, na watoto wako mbali, wanapiga simu sikukuu hadi sikukuu. Chakula alikuwa akiletewa na mke wa fundi.

Fundi alikuwa Mzigua na mzee alikuwa Mnyamwezi. Kwa hiyo walikuwa watani, na utani mnaujua: mnatupiana maneno ambayo mtu mwingine akiyasema ni ugomvi, na akifa mmoja, mwenzake ndiye anayekwenda msibani kuwachekesha wafiwa. Ni haki yake, na ni wajibu wake.

Kila alfajiri, kwa miaka kumi na mmoja, fundi alikuwa akimpitia mzee. Mzee anakuwa keshatawadha, amesimama kwenye kizingiti cha ua, anakohoa. Kikohozi kile hakikuwa cha ugonjwa, kilikuwa cha kumwambia mtani wake kwamba mimi niko tayari, wewe je? Fundi akitoka, mzee anaanza. Kwamba Mzigua hata akiitwa na Mungu huomba dakika tano. Fundi anamjibu kwamba Mnyamwezi hata akiwa kipofu anataka aongoze msafara. Kisha mzee anaweka mkono juu ya bega la kushoto la fundi, na wanakwenda.

Mnaujua mwendo wa kipofu? Kipofu hapapasi ukimwongoza vizuri, ila haharakishi. Mguu unaulizia kwanza, halafu unakanyaga. Walikuwa wakipita njia ya mkato, inayokatisha kwenye korongo la mchanga ambalo lina maji miezi miwili tu kwa mwaka. Wakifika mchangani wanavua viatu, wanavishika mkononi. Mchanga wa alfajiri ni baridi, na mzee alikuwa akisema kwamba hapo ndipo miguu yake inapoona. Wakifika msikitini fundi anampeleka mpaka kwenye nguzo ya pili, kulia, mahali pake, apate pa kuegemea.

Kanzu ya fundi iliisha bega. Miaka kumi na mmoja ya kiganja kimoja, mahali pamoja. Kwa kuwa ni fundi, alikata kitambaa kwenye pindo la kanzu hiyohiyo akatia kiraka, kipana kama kiganja, kwa uzi mweupe, ukitazama harakaharaka hukioni. Mzee alikiona kwa vidole. Akasema, "Mtani, nimekutoboa."

Sasa, Ijumaa moja, mwalimu wa msikiti ule akatoa mawaidha juu ya hatua. Akasema nusu. Kama mimi.

Fundi alirudi nyumbani moyo unamwaka. Akazihesabu hatua za kwenye korongo: mia sita na kitu. Akapima kwa kichwa ile njia nyingine, ya kuzungukia barabara mpya ya lami, upite shule, upite ghala la zamani la pamba, ndipo urudi msikitini: zinakaribia elfu tatu. Akakumbuka pia ile fadhila ya mtu kusali siku arobaini na jamaa bila kukosa takbira ya kwanza. Akayaunganisha hayo mawili kama fundi anayeshona vitambaa viwili visivyotoka jora moja. Siku arobaini, njia ndefu, na mwendo wa haraka ili takbira isimpite.

Alikwenda kumwambia mzee jioni hiyohiyo. Simlaumu kwa hilo. Angalau alikwenda kusema.

"Mtani, kuanzia kesho nitazungukia barabarani. Siku arobaini tu."

"Kuna nini huko barabarani?"

"Kuna hatua. Huku kwetu ni chache."

Mzee akafikiri. "Basi na mimi nizungukie."

"Kwa mwendo wako huo, mzee wangu? Tutafika watu wanatoa salamu."

Mzee akacheka, maana ulikuwa utani wa haki. Akasema, "Haya. Ukifika peponi kabla yangu, niwekee nafasi. Karibu na nguzo."

Fundi akasema watu wapo, watampitia. Mzee akaitikia kwamba naam, watu wapo. Je, alimtaja mtu? Hakumtaja. Na fundi aliuliza ni nani? Hakuuliza. Ndugu zangu, ni maswali mangapi tunaacha kuyauliza kwa sababu tunayaogopa majibu yake?

Fundi akaanza. Alikuwa na katambuga zake, zile za tairi la gari, ngumu, zimelika kisigino upande mmoja. Alfajiri ilikuwa ikisikika pa, pa, pa juu ya lami, na waliokuwa bado wamelala wakajua fundi huyo anapita. Akirudi anachukua chaki yake ya kuchorea nguo, anapiga mstari ukutani juu ya cherehani. Mmoja. Miwili. Mitatu. Watu wakamsifu. Mwalimu wa msikiti akamsimamisha mbele ya jamaa akasema, mtazameni fundi. Kichwa cha mwanadamu hakihitaji maji mengi kuvimba.

Siku ya kumi, kitu kikaanza kumuuma mguuni. Si unyayo, si goti. Ni ule mfupa wa mbele, ugoko, ule ambao ukigonga stuli gizani unasahau dua zote. Ulikuwa ukimuuma upande wa ndani, kwa chini, na ulikuwa una ujanja: anapoanza kutembea unauma, akipata moto unanyamaza, akipumzika unarudi. Akauchua kwa mafuta ya nyonyo. Wiki ya pili ikiisha haukunyamaza tena hata akipata moto. Wiki ya tatu ulikuwa ukiuma akiwa amekaa, kila akikanyaga cherehani. Ukibonyeza kwa kidole, pale palipo na ngozi na mfupa tu, anang'ata meno.

Mkewe akamwambia apumzike. Akamwambia pia kwamba mzee siku hizi anarudisha chakula, na kwamba hamsikii akienda msikitini, je, ni nani anayempitia? Fundi akajibu kwamba watu wapo. Juu ya mguu akasema maumivu ni kafara, na kadiri unavyouma ndivyo daraja zinavyopanda.

Hapa nisimame kidogo. Maumivu yakikujia hukuyaita, ukasubiri, hiyo ni kafara. Lakini maumivu unayoyaita mwenyewe kila alfajiri, ukayafukuzia barabarani na katambuga, hayo ni kafara ya nini? Mwili ni amana. Mola hakuhitaji ugoko wa fundi.

Siku ya thelathini na moja mke akamburuta mpaka zahanati. Daktari alikuwa binti mdogo, bado ana sauti ya shule. Akambonyeza ule mfupa kuanzia juu kushuka chini, pole pole, akamwambia asimame kwa mguu mmoja, akashindwa. Akamuuliza anafanya kazi gani, anatembea umbali gani, tangu lini, juu ya nini. Akachukua ile katambuga akaigeuza, akaitazama kisigino.

"Baba, umeongeza mwendo ghafla," akasema. "Mguu ulizoea mchanga na mwendo mdogo, wewe ukauzidishia mwendo mara tano ya ule, ghafla, kwenye lami, kwa haraka, na kiatu hiki. Kisha ukitoka hapo unakanyaga cherehani. Mfupa umechoka."

Akamwambia apumzike wiki tatu. Kitambaa cha maji baridi kwenye ugoko, mara kadhaa kwa siku. Aunyooshe mguu, anyooshe na misuli ya nyuma. Abadilishe viatu. Na akianza tena, aanze kidogo, chini pakiwa laini, aongeze wiki hadi wiki. "Ukiendelea hivi, baba, mfupa utapasuka. Hapo hatutazungumza tena habari ya kitambaa."

Kisha yule binti akauliza swali ambalo hata yeye nadhani hakujua anauliza nini. "Kabla ya hapo ulikuwa unatembea na nani?"

Mke akamjibu, "Na kipofu. Jirani yetu."

"Basi mwendo wa huyo kipofu ndiyo dawa yako. Ukipona, rudi kwake."

Mmesikia? Dawa ya mguu na wajibu wa jirani vilikuwa kitu kimoja. Havikugombana hata kidogo. Mola alikuwa amemwekea fundi dawa mlango wa pili, na dawa hiyo ilikuwa imetawadha, imevaa kanzu, inakohoa.

Fundi akarudi nyumbani. Akaitazama ile mistari ya chaki. Thelathini na mmoja. Zimebaki tisa. Niambieni nyinyi, mngefanya nini? Mimi najua ningefanya nini, ndiyo maana simcheki. Akasema moyoni: nimalize tu hizi tisa, halafu nitapumzika, halafu nitampitia mzee. Halafu, halafu. Akaufunga mguu kwa kitambaa cha khanga, akaendelea.

Siku ya arobaini alifika, akaipata takbira ya kwanza. Hakulia kwa furaha, alilia kwa mguu. Watu walipomaliza kumpa mikono, akaona barabara ya lami haiwezi tena, akaamua kurudi kwa njia ya korongo. Alipofika mchangani akavua viatu. Mchanga ukampokea. Ni ajabu, mguu ulinyamaza kidogo, mara ya kwanza baada ya wiki karibu nne, na hapo akayakumbuka maneno ya yule binti, akafurahi, akasema ngoja nikamwambie mtani kwamba nimemaliza.

Kulikuwa kunapambazuka alipofika kwenye ua wa mzee, kwa upande wa nyuma, upande asioupita siku zote hizo arobaini. Akamkuta mzee amesimama kwenye kizingiti. Amevaa kanzu. Kofia kichwani. Maji ya udhu yameshakauka miguuni, yameacha alama za vumbi. Na mkono wake wa kulia ulikuwa umewekwa juu ya kigingi cha ua, kigingi cha urefu wa bega la mtu.

Fundi akasema, "Mzee, umesimama hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu adhana."

"Unamsubiri nani?"

"Simsubiri mtu. Ndivyo nilivyozoea." Kisha akasema, "Viatu vyako vina kelele sana, mtani. Kila siku nilikuwa nikivisikia vinapita. Siku kumi za mwisho nikasikia na kuchechemea."

"Mbona hukuniita?"

"Ningekuita ungesimama. Ungesimama, hesabu yako ingeharibika."

Siku arobaini, ndugu zangu. Siku arobaini mzee yule alitawadha, akavaa, akasimama pale mpaka watu wanarudi, kisha akaingia ndani akasali peke yake. Na lile neno la "watu wapo, watu wapo"? Walikuwepo kweli. Kila mmoja alidhani mwenzake anampitia.

Fundi akakaa chini pale kizingitini. Akasema, "Kesho nitakupitia, mzee wangu. Kwa korongoni."

Uso wa mzee ukafunguka. "Kesho usichelewe kama kawaida ya kwenu," akasema. Mchana ule akampa mke wa fundi kanzu yake aifue, akamwambia aitie na buluu, ing'ae.

Lau mfano ungeishia hapo, ningewaombea dua tukaenda kula. Haukuishia hapo.

Alfajiri ya kesho yake fundi aliamka mapema kuliko siku zote. Akaitoa ile kanzu yake ya zamani, yenye kiraka begani, maana hizo siku arobaini alikuwa akivaa mpya. Akasikia ng'ambo ya ua kikohozi. Akatabasamu. Akashusha mguu kitandani, akaukanyagia sakafu, na ugoko ukapasuka.

Hakupiga kelele. Alianguka tu, na akabaki pale chini, na ng'ambo ya ua mtani wake akakohoa tena. Akangoja. Akakohoa mara ya tatu.

Mke ndiye aliyetoka kwenda kumwambia. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwambie apone kwanza. Nguzo haiendi popote."

Fundi akafungwa plasta, wiki sita, asikanyage. Akatuma ujumbe msikitini: mpitieni mzee, tafadhali, mimi siwezi. Wakasema inshallah. Na hii inshallah yetu mnaijua. Tumelichukua neno la Mola tukaligeuza kuwa kiti cha kukalia. Mmoja alikwenda kweli, siku moja. Akamshika mzee kifundo cha mkono akawa anamvuta kama anavuta mbuzi, mzee akajikwaa kabla hata ya kufika korongoni, wakarudi. Kesho yake hakuja tena. Sitamsema sana huyo. Yeye angalau alikwenda mara moja.

Na mzee akawa anasimama kizingitini. Walimwambia akae ndani, kuna baridi. Akasema amezoea. Wiki ya tano kifua kikamshika. Mke wa fundi akampikia uji, akamwita yule binti wa zahanati, akaja na dawa. Lakini mwili wa uzee, na baridi ya alfajiri nyingi. Alikufa Alhamisi, kabla ya Magharibi.

Ijumaa wakamtoa. Mlango wake na mlango wa fundi inapakana, na fundi alikuwa ameletwa barazani, mguu wenye plasta juu ya stuli, amevaa ile kanzu. Jeneza lilipotoka, wabebaji wakasimama kidogo mbele yake. Walikuwa wakisubiri haki ya utani. Yeye ndiye mtani wa marehemu. Alitakiwa alizuie jeneza, amtukane Mnyamwezi wake, aseme bora umekwenda utupunguzie kelele, watu wacheke kidogo katikati ya kilio. Wote wakamtazama.

Akafungua kinywa. Akasema, "Mtani, niwekee nafasi."

Hakuna aliyecheka.

Wakaendelea. Na mnajua sisi jeneza hatulipeleki kwa kusuasua, tunalipeleka kwa haraka. Wakaogopa kuzama kwenye mchanga wa korongo na mzigo ule, wakazungukia barabarani, wapite shule, wapite ghala la pamba. Elfu tatu kasoro. Mzee yule aliyesema basi na mimi nizungukie, siku hiyo akazungushwa. Aliyeambiwa mwendo wako utatuchelewesha, siku hiyo akaenda mbio kuliko wote. Aliomba bega moja, akapewa mabega ya mji mzima wakipokezana, na bega alilolizoea halikuwemo.

Fundi alibaki barazani anasikiliza viatu. Pa, pa, pa, juu ya lami, vikipungua, vikipungua, mpaka vikanyamaza. Mkono wake wa kulia ukapanda wenyewe ukakaa juu ya bega lake la kushoto, juu ya kile kiraka. Mkewe akamkuta hivyo baada ya sala, hajautoa.

Ndugu zangu, mfano umekwisha. Tuje kwetu sisi.

Sisi ndio fundi. Kila mmoja wetu ana mistari ya chaki mahali fulani, anahesabu. Huyu anahesabu hitima, huyu anahesabu funga, huyu anahesabu miaka tangu aache sigara na anawatazama wenzake kwa kona ya jicho. Si vibaya kuhesabu. Lakini ukiona hesabu yako inapanda na jirani yako amebaki kizingitini, simama, angalia unahesabu nini. Mwili wenyewe humwambia mtu, punguza. Fundi aliambiwa na ugoko wake, akaambiwa na mkewe, akaambiwa na binti wa zahanati, na wote watatu walimwambia neno moja. Ni mjumbe gani wa nne alikuwa akimngojea?

Na mwenye kuumwa ugoko hapa, maana nawajua wapo, nawaona mnavyokaa, nakusihi kwa jina la Mola: pumzika. Si udhaifu wa imani. Weka maji baridi, badilisha kiatu, nenda zahanati. Ukirudi barabarani, rudi kidogo kidogo.

Sisi pia ndio wale wa "watu wapo". Hili linaniuma kuliko la fundi. Kwenye mfano wangu ile nguzo ya pili, kulia, ilikaa bila mtu siku arobaini, kisha wiki tano nyingine. Watu wangapi waliiona? Mwalimu aliyesimama mbele aligeuka kila siku kunyoosha safu. Aliiona. Aliona pengo, akasema jazeni pengo, wakasogea, wakalijaza. Hivyo ndivyo tunavyofanya. Mtu akipungua tunasogea, safu inanyooka, na tunadhani tumesali vizuri.

Mimi ndiye nimesema jazeni pengo mara nyingi kuliko mtu yeyote humu. Sijawahi kuuliza pengo la nani. Namwomba Mola anisamehe, na nyinyi mnisamehe, kwa nusu niliyoisema na kwa nusu niliyoinyamazia. Bi Sikudhani yuko nyuma ya pazia, anasikia. Mama, ile nusu nimeifikisha.

Nimezungumza na muadhini wetu. Kuanzia kesho hatutakimu Alfajiri kwa haraka kama zamani. Tutangoja. Mwenye kuja na mtu asiyeona, au mwenye mkongojo, au aliyetoka kitandani juzi, aje naye kwa mwendo wake, sala itamkuta.

Na ombi langu kwenu ni moja tu. Kesho alfajiri ukitoka, kabla hujapiga hatua ya pili, simama kwenye ua wa jirani yako, usikilize kama kuna anayekohoa.